Kadi ya launji: mama mwenye watoto watatu, hesabu hiyo si yako

SEHEMU YA 1

Mama wenzangu, nimetoka zamu ya usiku, wakubwa wako shule, mdogo kalala. Nina kama saa moja kabla hajaamka, kwa hiyo leo naandika kwa mfululizo na sitazunguka sana.

Wiki hii akina mama wanne wamenifuata inbox na swali lile lile. "Dada nesi, ile kadi ya mkopo ya kuingia launji uwanja wa ndege, nichukue? Desemba tunakwenda nyumbani na watoto." Mmoja ana mapacha wa miezi minane. Mwingine alishajaza fomu nusu, kasimama kuniuliza kwanza.

Najua swali limetoka wapi. Ile video tumeiona wote. Mdada kakaa kwenye sofa la uwanja wa ndege, miguu juu, juisi mkononi, pembeni mtoto mmoja kavaa nyeupe tupu (mtoto gani anasafiri na nyeupe?), anakwambia "mama, acha kuteseka getini, hii yote ni bure".

Naongea na sisi tunaoishi huku Marekani, tunaopanda ndege kwenda Dar, Kilimanjaro au Nairobi mara moja kwa mwaka, wengine mara moja kwa miaka miwili, na watoto, na masanduku yenye nguo za ukoo mzima. Kwa sisi jibu langu ni hapana. Na sisemi hapana ya mtu ambaye hajawahi kuingia. Mimi nilichukua. Nililipa. Ninachosimulia kilinikuta.

SEHEMU YA 2

Tuanze na neno "bure", maana ndilo linalonikera kuliko yote.

Platinum ya American Express ada yake kwa mwaka ni dola 895. Ilikuwa 695, ikapandishwa mwaka 2025. Sapphire Reserve ya Chase ni dola 795, nayo imepandishwa mwaka huo huo. Venture X ya Capital One ndiyo rahisi kati ya hizo, dola 395. Hiyo ni ada tu ya kuwa nayo mfukoni, hujanunua hata maji.

Mimi dola sisomi kama dola. Nazisoma kwa zamu za usiku. Zamu yangu ni masaa kumi na mbili, na baada ya kodi dola 895 ni kama zamu mbili na nusu. Masaa thelathini nimesimama, nageuza wagonjwa, nabadilisha dripu, nimemwacha mwanangu kalala bila mimi. Sasa niambie kitu gani kinachotoka mle ndani cha thamani ya masaa thelathini.

Hesabu ya safari yetu ni hii. Unatoka Texas, unapita Doha, unafika Dar. Kurudi vivyo hivyo. Launji unaweza kuingia mara ngapi? Texas wakati wa kuondoka, Doha, Dar wakati wa kurudi, Doha tena. Mara nne, na hiyo ni kama ndege zote zinakupa muda na kila launji ina nafasi. Ukirudi Texas huingii popote, unakimbilia mizigo. Kama mnasafiri kila baada ya miaka miwili, ada ya Platinum kwa miaka hiyo ni dola 1,790. Gawanya kwa nne. Karibu dola 450 kila ukipita mlango ule.

Na hapo umeingia wewe peke yako.

SEHEMU YA 3

Wageni. Hapa ndipo video zinapokatwa.

Tangu Februari 2023, kwenye launji za American Express wenyewe, zile za Centurion, mwenye Platinum anaingia bure lakini mgeni analipiwa dola 50, na mtoto wa miaka 2 hadi 17 dola 30. Mume na watoto wawili waliovuka miaka miwili ni dola 110, mara moja, masaa matatu. Wanakusamehe malipo ya wageni hadi wawili ukitumia dola 75,000 kwenye kadi ndani ya mwaka. Elfu sabini na tano! Kuna mtu humu anatumia hela hizo kwenye kadi moja? Kama yupo, mama, huhitaji ushauri wangu, wewe nishauri mimi.

Venture X ilikuwa kimbilio la familia kwa sababu iliruhusu wageni bila kulipa. Kuanzia tarehe 1 Februari 2026 hilo limekwisha. Kwenye launji zao mgeni mkubwa ni dola 45, aliye chini ya miaka 18 ni dola 25, mtoto wa chini ya miaka miwili ndiye anapita. Kuingiza mume na wale wawili ni dola 95. Kumuongeza mume kwenye kadi yako ili naye aingie kwa jina lake, hapo zamani bure, sasa ni dola 125 kwa mwaka.

Ile ya Chase, nisiwe muongo, kwa wageni ni afadhali, maana inakuachia wawili. Ila sisi tuko watano. Na ukitaka mume awe na yake unaongeza dola 195 juu ya zile 795.

Mnaona mwelekeo? Miaka michache iliyopita walitaka tuingie, wakafungua milango. Launji zikajaa, foleni zikatoka hadi nje, wakatafuta wa kupunguza. Mtu wa kwanza kupunguzwa ni mwenye watoto, kwa sababu kadi ni moja na vichwa ni vingi. Hawakuandika "familia zisije". Wameweka bei kwa kichwa, inatosha.

SEHEMU YA 4

Sasa yangu. Kadi siitaji, launji siitaji, maana shida haikuwa ya mlango mmoja.

Desemba ya mwaka juzi tulikuwa tunakwenda Tanga. Mkubwa alikuwa na miaka 7, wa kati 4, mdogo miezi kumi na minne. Tulifika uwanjani masaa manne kabla, makusudi, ili tukapumzike launji. Watoto walishaahidiwa. Nilishawaambia kuna keki, kuna sofa, kuna chumba cha kuchezea. Mwenzenu nilijisifu tangu nyumbani.

Pale mezani dada akaskani kadi, akatuhesabu kwa macho, akasema kwa upole kabisa: kadi hii inaruhusu mgeni mmoja, mdogo hahesabiwi, waliobaki wawili ni kulipa. Kwa hela alizotaja na hali tuliyokuwa nayo baada ya kukata tiketi, mimi na baba watoto tulitazamana tu. Nyuma yetu kuna foleni. Baba watoto, mtu wa watu, akasema, "Ingia wewe na hawa wadogo, mnyonyeshe huyo. Sisi wanaume tutakaa getini."

Nikaingia. Launji imejaa, nimezunguka na kigari nikitafuta kiti. Chumba cha watoto kilikuwa kimefungwa siku hiyo. Chakula cha bafe: zeituni, karanga, tambi zilizopoa, wali sijui umetoka jikoni saa ngapi. Wa kati akaanza kulia anamtaka kaka yake. Kaka mmoja mwenye laptopu akatutazama, akahama. Nilikaa nusu saa nikaona isiwe tabu, nikatoka.

Nikawakuta getini wamekaa chini kwenye zulia, wanakula chapati na maharage niliyofunga mwenyewe asubuhi. Mkubwa akaniangalia akauliza, "Mama, sisi kwa nini hatukualikwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka saba. Nimelipa ada ya mwaka mzima, halafu nimemfundisha mwanangu kwamba kuna mlango mama yake anaingia, yeye na baba yake wanabaki nje.

SEHEMU YA 5

Na hiyo bado ni aibu ya nusu saa. Deni lilikaa zaidi.

Kadi hizi zinakuvuta kwa pointi za ukaribisho: tumia dola elfu kadhaa ndani ya miezi mitatu, upewe pointi nyingi. Mimi nikaweka tiketi zote za familia kwenye kadi. Hazikufika kiwango. Nikanunua na kochi. Ndiyo, nilinunua kochi la nyumbani nisilolihitaji ili nikakalie kochi la uwanja wa ndege. Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka sasa.

Tuliporudi Januari nilikuwa na dola 4,000 sijalipa. Riba yangu ilikuwa asilimia 24 kwa mwaka. Hiyo ni dola 80 kila mwezi, zinaondoka hivihivi, deni liko palepale. Na usidhani nilibahatika vibaya, riba ya kadi huku kuvuka asilimia 20 ni jambo la kawaida kabisa. Pointi zile tamu haziwezi kushindana na riba hiyo hata kwa miezi michache.

Mwezi huo huo mama yangu kule Tanga akaambiwa mtoto wa jicho umekomaa kwenye jicho la kulia, afanyiwe upasuaji. Mimi nesi. Najua ni upasuaji mdogo, najua unarudisha uwezo wa kuona, najua mzee asiyeona vizuri anaanguka, na akivunjika nyonga tunazungumza habari nyingine. Nikampigia simu nikamwambia, "Mama, vumilia hadi Machi." Akasema, "Sawa mwanangu, Mungu akubariki na huko." Hakuuliza kwa nini. Yeye anaamini mtoto wake wa Marekani ana majukumu mazito.

Alifanyiwa Machi, namshukuru Mungu, anaona, sasa ananikosoa nguo kwenye video. Lakini ile Januari na Februari alikuwa anapapasa ukuta akienda chooni. Sijamwambia hadi leo kilichonichelewesha.

SEHEMU YA 6

Najua mnachotaka kuniambia. "Lakini dada nesi, mtoto anahitaji utulivu kabla ya safari ndefu." "Nitanyonyesha wapi?" "Chakula cha uwanjani ni ghali." Haya, hapa niko kazini kwangu.

Utulivu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anayekwenda kukaa kwenye kiti masaa kumi na nne na zaidi hadi Doha, kumkalisha kimya mengine matatu kabla ya hapo ni kumuonea. Anachohitaji ni kukimbia. Mtembeze kutoka geti la kwanza hadi la mwisho na kurudi, ahesabu ndege, achoke. Launji imetengenezwa kwa mtu mzima anayetaka kusikia kimya. Ndiyo maana watu wanahama mkikaa.

Kunyonyesha. Hili naona wengi hatulijui, na linaniuma kwa sababu ni haki yetu na tumeshalipia kwa kodi. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inayovitaka viwanja vya ndege vikubwa na vya kati kuwa na chumba cha kunyonyeshea katika kila jengo la abiria, ndani baada ya ukaguzi. Chumba kiwe na mlango wa kufunga, pa kukaa, meza, soketi ya umeme kwa ajili ya pampu ya maziwa, na kisiwe choo. Tena sheria inataka na meza ya kubadilishia mtoto kwenye vyoo vya wanaume pia, kwa hiyo baba watoto naye ashike pampasi. Ukifika uliza tu "nursing room" iko wapi. Bila kadi na bila foleni.

Chakula. Pale ukaguzini, maziwa ya mama, maziwa ya kopo na chakula cha mtoto haviingii kwenye kile kikomo cha vimiminika. Waambie mapema, utoe pembeni, wavipime. Maziwa uliyokamua yanapita hata kama mtoto hayupo nawe. Chapati, andazi, mayai ya kuchemsha, viazi, hivyo si vimiminika, vinapita vizuri. Chupa beba tupu, ujaze maji ndani.

Halafu hicho chakula cha launji, jamani. Karanga nzima, zeituni yenye kokwa, zabibu nzima: hivyo ni vitu vya kumpalia mtoto wa chini ya miaka minne. Nimepokea watoto wa hivyo, si hadithi. Na wali uliokaa vuguvugu muda mrefu una bakteria ambao sumu yao haifi hata ukiupasha upya. Mtoto anayetapika juu ya Atlantiki ni mzigo sitaki uubebe. Chakula ulichokipika unajua umekipika lini.

Doha je? Wengi tunapita pale na watoto wanasinzia. Uwanja wa Hamad una vyumba vya kimya vyenye viti vya kujilaza, vya bure, na sehemu za watoto kuchezea, za bure. Kuna bustani ya ndani yenye miti mikubwa, na lile dubu kubwa la njano ambalo watoto wangu wanalikumbuka kuliko Tanga yenyewe. Ukikutana na subira ndefu kweli, masaa nane, tisa, usiku, mko hoi, basi lipia kiingilio cha mara moja kwenye launji inayouza, au hoteli ile iliyomo humo humo ndani ya jengo. Utalipa siku unayohitaji. Hiyo siipingi hata kidogo.

SEHEMU YA 7

Kuna watu kadi hizi zinawafaa, nisiwanyime haki yao. Anayesafiri kikazi kila mwezi, peke yake, mwajiri akimlipia, na deni analimaliza lote kila mwezi bila kukosa. Huyo aende. Mimi simuoni kwenye wodi yangu wala kwenye kikundi chetu cha vikoba.

"Lakini unarudishiwa hela kwa njia nyingine!" Najua. Nilikuwa nikiambiwa hivyo kila siku. Ziangalie basi hizo njia. Platinum inakupa dola 15 za Uber kila mwezi, usipotumia mwezi huo zinapotea. Mimi nina gari lenye viti vitatu vya watoto nyuma, nyie mnadhani nitaita Uber nianze kuvifungua vyote? Kwa hiyo unaanza kutafuta sababu ya kutumia. Unaagiza chakula usichokihitaji ili "usipoteze" dola 15, unalipa 32. Kuponi ni nzuri kwa kitu ambacho ungekinunua hata isingekuwepo. Nje ya hapo ni wewe unaitumikia kadi.

Chase nao wanarudisha dola 300 za safari, na hizo kweli ni rahisi kuzitumia. Zitoe kwenye 795. Bado 495. Kwetu hizo ni hela za kusaidia ushauri wa kliniki ya safari, dawa za kinga ya malaria za watoto wote watatu, na bima ya safari. Mwaka jana nimeona familia mbili zimerudi kutoka nyumbani na mtoto mwenye malaria kali kwa sababu "dawa zilikuwa ghali". Sitasema walikuwa na kadi gani.

Na wale wa kwenye video. Kadi nyingi za namna hii zinampa pointi au malipo yule aliyekuleta kila unapopitia kiungo chake. Kupokea si kosa. Lakini mtu akikwambia "nakupenda mama, jitunze" huku analipwa kwa kila mama anayejaza fomu, mimi namwita muuzaji. Aseme yeye ni muuzaji, tuheshimiane. Mimi huku nikikushauri uchanje mtoto sipati hata senti, na bado naulizwa nani kanituma.

SEHEMU YA 8, halafu nakwenda kulala

Kwa ambao mnayo tayari na ada inakaribia. Angalia tarehe ambayo ada inaingia, iandike kwenye kalenda ya jikoni. Piga simu kabla ya hapo. Kama imeshaingia, piga haraka uulize, kampuni kubwa huwa zinaacha siku kama 30 za kurudisha ada yote ukifunga. Usikimbilie kufunga moja kwa moja. Waulize kama wanaweza kuishusha iwe kadi ya kampuni ile ile isiyo na ada, ili historia yako ya mikopo isikatike, utaihitaji ukitafuta nyumba. Pointi zilizomo zitumie au zihamishe kwanza. Kama una deni juu yake, deni haliondoki kwa kushusha kadi, ila angalau ada haikai juu yake.

Mimi simu yangu ilichukua dakika kumi na mbili. Dada wa upande wa pili akaniuliza kwa nini naondoka, akanipa pointi za kunibakiza. Nikamwambia asante, mwanangu hakualikwa. Hakuelewa, na sikumweleza.

Mama mapacha, wewe hasa. Una watoto wawili wa mapajani, unahitaji mikono. Hela ya hiyo ada msaidie mdogo wako wa Houston na nauli aje akusindikize hadi kaunta siku ya safari, abebe masanduku, na nyingine weka kwa kigari cha mapacha kinachokunjwa. Pia waombe shirika la ndege kitanda cha mtoto cha ukutani mapema, ni bure, viti vyake ni vichache, vinawahiwa.

Mdogo ameamka, namsikia. Alhamisi naandika dawa za kinga ya malaria kwa watoto: zipi zinafaa uzito gani, na zinaanza siku ngapi kabla ya safari. Andikeni uzito wa watoto wenu mapema, msinitumie "ana mwili mkubwa tu".